Makala Yako Imefika, Wewe Bado

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kaka Profesa,

Shikamoo. Hujambo huko? Mafua yamekwisha? Unalala, au bado unahangaika na hizo seli zako? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila roho yangu haitulii. Tangu nianze kuandika nimeinuka, nimefuta jiko ambalo lilikuwa safi, nimerudi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei, na ujumbe unajibu kwa picha ya dole gumba. Anakuletea binamu yetu mshonaji, anayesafiri kesho. Nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka umalize kusoma.

Nilipokuambia kwamba uvimbe wa titi la mama ni saratani, ulinitumia makala yako. Makala, kaka! Jina lako juu kabisa, na michoro tele. Nilipomwonyesha mama akauliza, "Ndiyo jibu lake hili?"

Juzi tulikwenda kwa daktari, mimi, mama na shangazi. Akasema dawa kwanza, zipunguze uvimbe, kisu kifuate baadaye. Mama akagoma: kibaya kinatolewa leo, hakibembelezwi. Daktari wa watu akafungua kompyuta amwonyeshe utaratibu huo umetoka kwenye utafiti gani. Lo! Makala ileile. Akasema madaktari wa nchi chungu nzima wanaifuata, na watafiti wengine wanaitegemea wakiandika zao. Hakujua anaongea na mama wa nani. Shangazi akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele mle mle chumbani, muuguzi akaja mbio.

Mimi nami kichwa kilinivimba, usiseme. Kisha mama akavaa miwani, akaweka kidole kwenye jina lako. Halafu akasema, "Kumbe anayajua haya yote. Amewaambia watu wote, ni mimi tu hajaniambia." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Sasa dawa zinatakiwa kuanza Alhamisi ya wiki ijayo, na mama hataki kusikia. Daktari anasema tusichelewe. Nimebembeleza, nimenuna, nimelia. Ile methali ya sikio la kufa naogopa hata kuiandika.

Najua unaogopa. Pengine unayajua mengi mno kuhusu ugonjwa huu, ndiyo maana ulimi umekuwa mzito. Mimi pia naogopa, kaka, tena sana. Lakini hapa hatumtafuti profesa. Mpigie, umweleze kwa maneno ya nyumbani yale uliyowaandikia wasomi. Ukilia, lia tu, atakunyamazisha mwenyewe kama zamani.

Shangazi anakusalimu, sauti bado imemkauka. Baba mdogo anakusalimu, na wanangu wanamsalimu mjomba wao. Mungu akulinde, akulainishie ulimi.

Mama hajakutumia salamu. Ila tangu juzi simu haimtoki mkononi, hata kuoga anaingia nayo.

Wako akupendaye, hata leo nilivyokukasirikia,

Kitindamimba