Kibao Changu cha Kuziba Pneu

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu toka Kasongo. Nyanya yako iko muzima, mupunga umeiva. Unauliza article yako ya kwanza ya internet uipe kichwa gani, watu waipate. Umeuliza mwenye kujua.

Nilipoanza kutengeneza baiskeli, kibao changu kilijaa majina: langu, la baba, la babu. Watu walipita tu, nikakaribia kufunga. Siku moja musafiri wa Salamabila akauliza, "Ndugu, hapa wamezika nani? Mimi natafuta wanaoziba pneu, mupira wa baiskeli yangu umetoboka."

Nikaandika vile alivyosema: HAPA TUNAZIBA PNEU. Kesho yake nilikosa hata nafasi ya kula.

Basi, juu andika maneno wanayotafutia, ndani uwape jibu la kweli. Jina letu weka chini. Wakishasaidiwa watataka kujua ni mutoto wa nani.

Babu yako, fundi