Funguo za Kiwanda cha Mablanketi

Tanga,
Jumapili, baada ya misa

Shikamoo Baba,

Shikamoo na Ayo, mama yangu, ambaye najua amekaa hapo karibu anasikiliza huku akijifanya anachambua maharage. Mguu wako unaendeleaje? Mvua za huko kwetu Kansay zimeshika? Yule maksai mwekundu bado anavutia upande wake plau ikiingia shambani? Mimi mwili ni mzima, homa imekwisha. Mengine si mazuri, ndiyo maana nimetafuta karatasi mbili.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori la vitunguu, nikaisoma palepale getini nimesimama. Umesema Martina amechoka kungoja, na maharage yakivunwa sijafika, atamchukua mtoto arudi kwao Mbulu. Maneno ni yako, Baba, lakini mkono ulioandika ni wake. Ameliandika jina lake mwenyewe kana kwamba ni la jirani. Na sasa ndiye anayekusomea hii. Martina, mke wangu, usiruke mstari, hata pale utakapoudhika.

Mnauliza: kiwanda kimefungwa, mshahara hakuna, mtu anangoja nini? Baba, mimi ni mtunza stoo. Mtunza stoo haondoki mpaka pawe na makabidhiano. Anakuja mwingine, mnahesabu mali pamoja, anatia sahihi kwenye daftari, unampa funguo, ndipo unafunga mzigo wako. Meneja wetu alipanda gari akisema anafuata vipuri Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa pili hajavipata, wala yeye hajapatikana. Nikiondoka bila sahihi ya mtu, mimi ni mwizi wa mali ya umma, na siku hizi mtu wa namna hiyo anaitwa mhujumu uchumi, hata akijieleza hasikilizwi. Wakinikosa mimi, watakuja kwa mdhamini wangu.

Mdhamini ni wewe. Unakumbuka siku ile Karatu, lori la kunileta kazini huku linanguruma nje, karani akakushika mkono akakibonyeza kidole gumba chako kwenye wino? Uliweka maksai wako dhamana. Ulitoka ukijifuta wino kwenye blanketi lako, ukaniambia, "Usije ukaniletea watu wenye karatasi." Sijasahau hata siku moja.

Kwa hiyo naamka asubuhi, nafungua stoo, nahesabu mashine zilezile, nafunga. Siwezi kutafuta kazi nyingine, maana kitambulisho kinasema nina kazi. Siwezi kukaa bila kitambulisho, maana mgambo wakikukuta huna, unapakiwa kwenye gari kama mzururaji. Nalala chumba cha getini. Nimechoka, Baba, na nina aibu kukuandikia hivyo.

Barua yenu ndiyo iliyonitoa. Jumatatu nilifunga geti, nikatia daftari kwapani, nikaamua kuifuata barabara yetu ya viwanda tangu mwanzo hadi mwisho, nimtafute mtu wa kunisainia. Niliwahi kusikia kwamba ofisi yetu ilipofungwa, mafaili yalihamishiwa kiwanda cha sabuni, jirani, kwa muda, nikadhani penye mafaili hapakosi mkubwa.

Nilipokuwa mdogo nilidhani vitu vya mnadani Karatu vinatoka kila pembe ya dunia. Kumbe sabuni ya mche aliyokuwa akiificha Ayo, ndoo, kamba za kufungia ng'ombe, hata mablanketi mekundu waliyokuwa wakiyafuata wafugaji wa Olbalbal kwa miguu, vyote vilitoka barabara hii moja. Nilipofika hapa mara ya kwanza ungeweza kujua uko wapi umefumba macho, kwa harufu na kelele tu. Sasa nilipita nikisoma maandishi yaliyofutika ukutani.

Kiwanda cha sabuni nilikitambua kwa mtaro wake, bado mweupe. Amebaki mlinzi mmoja, Mzee Hamza, mtu wa Pangani. Akaniambia, "Mwanangu, hapa mbuzi tu ndio wanaoripoti kazini. Mafaili yenu yalichukuliwa na watu wa ndoo." Kisha akaliona daftari langu. Macho yakamtoka. "Hilo si daftari la makabidhiano? Na wewe si mtumishi, una kitambulisho? Basi nipokelee." Mke wake anaumwa huko Pangani, na yeye alikwama kama mimi. Nikamwonea huruma. Na mkono nao umezoea, ukiona mstari mtupu unaandika. Nikatia sahihi. Mzee akanikabidhi funguo za kiwanda cha sabuni, akaenda kuchukua mkeka wake, akaondoka mchana uleule bila kugeuka nyuma.

Cheka, Ayo. Nilitoka kwenda kuzitua funguo, nikarudi barabarani na za watu wengine.

Kiwanda cha ndoo hakina paa. Mabati yamekwenda, na katikati ya miguu ya mashine mama mmoja amepanda mihogo, anaikaanga na kuiuza hapohapo. Nilikula kwake. Nikamuuliza habari za mafaili, akasema aliyaona yakisukumwa kwa mkokoteni kwenda kiwanda cha kamba, mwisho kabisa, kwenye reli. "Na huko nako kumefungwa," akasema, "ila kuna mama mmoja hajui."

Mama huyo anaitwa Bibi Salome, karani. Nilimkuta amekaa mezani, gauni limepigwa pasi, daftari la mahudhurio liko wazi mbele yake na jina ni moja tu, lake, kila siku. Nikamuuliza nani anamlipa. "Hakuna," akasema. "Lakini hakuna aliyeniambia nisije." Nyuma yake kilikuwa chumba kimejaa mafaili ya barabara nzima, viwanda vyote vilivyokufa, yamefungwa kwa kamba ya katani na kupangwa kwa herufi. Nilisimama mlangoni nikaogopa, Baba. Nilijiona mimi baada ya miaka kumi.

Faili langu alilipata upesi. Ndani nikaikuta karatasi yako, na alama ya dole gumba lako, nyeusi, ile ya Karatu, na kovu lile la mundu linakatiza katikati. Sikutegemea, machozi yakanitoka mbele ya mama wa watu. Yeye hakunitazama. Alikuwa anasoma karatasi, kitu ambacho mimi na wewe siku ile hatukufanya, kwa haraka ya lori.

"Umeisoma hii?" akaniuliza. Imeandikwa kwamba mtumishi akiondoka au akishindwa kuendelea na kazi, mdhamini atapokea dhamana yake yote. Nikasema, ndiyo hiyo inayonifunga. Akatikisa kichwa. "Atapokea, mwanangu. Dhamana yako ni stoo na funguo zake. Wewe unatafuta mtu wa kupokea. Nchi nzima amebaki mmoja mwenye haki hiyo kwa maandishi, na yuko kwenu. Niletee dole gumba lake, mimi nina muhuri."

Nimekaa na neno hilo siku sita kabla ya kuandika. Sikufichi kitu. Ukikubali, mimi nakuwa huru kwa karatasi, na wewe ndiye mtunza stoo wa kiwanda cha mablanketi. Mashine zimeliwa na kutu, na mablanketi yaliyobaki ni marobota mawili wanamolala panya, lakini siku wenyewe wakitokea, watapanda Kansay kukuuliza wewe, mzee mwenye mguu mbaya. Nilikuahidi sitakuletea watu wenye karatasi, na karatasi ya kwanza nakuletea mwenyewe. Ukikataa, sitanung'unika. Nitabaki, na Martina afanye aliloandika, sitamlaumu.

Funguo za sabuni ni mzigo wangu, nilizipokea mwenyewe. Ukikubali, nitakuja nazo pamoja na za mablanketi, nizitundike kwenye nguzo ya kati ya nyumba yetu. Anayezitaka atatukuta tunalima.

Msalimie shangazi anayetunza mbuzi wangu, mwambie asiwauze bado. Msalimie katekista, na kaka aliyepeleka ng'ombe Olbalbal, akirudi. Mwanangu mguse kichwani kwa niaba yangu.

Martina, hapa si kwa Baba tena, ni kwako, ingawa najua wote wanasikia. Chukua masizi chini ya sufuria, yachanganye na mafuta kidogo. Baba akikubali, mshike mkono usitetemeke, kidole kikae palipo na duara. Asipokubali, rudisha karatasi hivihivi, nitaelewa. Lakini vyovyote iwavyo, anwani ya bahasha iandike wewe. Nikiuona mkono wako nitajua bado hujaondoka.

Ni mimi mwanao, na mume wako,
Paskali

Duara nimelichora hapa chini. Nimelifanya kubwa, kwa sababu ya kovu.