Viti Vitupu vya Njia Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Imetoka! Wizara imetangaza ruzuku ya usafiri wa anga. Kampuni ikifungua njia mpya kwenda mji usio na ndege, serikali italipia kila kiti kitakachoruka bila mtu. Miaka miwili. Tangazo limesomwa ofisini mara tatu, kila mtu akitaka kulishika mwenyewe.

Tuna ndege mbili na nusu — mbili zinaruka, ya tatu iko karakana inangoja injini. Kwa hiyo tunaomba njia moja tu. Kapteni kasema uchaguzi ni kati ya miji miwili: wa mpakani au wa saruji. (Kapteni ni mkurugenzi wetu. Aliacha kurusha ndege zamani, siku hizi anarusha mikono tu mkutanoni.)

Anayepanga njia ni mimi. Na mji wa saruji ndiko aliko mume wangu.

Nilikiinua kikombe cha chai usoni ili wasione ninavyotabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Hesabu zinasema mpakani. Nimezirudia. Bado mpakani! Kule kuna wafanyabiashara, wanakwenda na kurudi wiki hiyohiyo, hawana muda wa basi. Mji wa saruji una kiwanda, benki moja, chuo cha ualimu, na vumbi.

Na Bwana Saruji wangu. Mwaka wa tatu huu tangu ahamishiwe tanuri la saruji la kule, akaenda na mama yake. Mwanzo alikuja kila mwezi, analala kwenye basi, anafika amevimba miguu, anacheka. Kisha barabara ikaanza. Mvua. Daraja. Lori limelala njiani. Siku hizi nikiuliza "lini?", inayonijibu ni barabara. Mara ya mwisho alikuja mwisho wa mwaka, siku mbili, moja akaimaliza usingizini. Binti yetu yuko bwenini, ameshazoea kuwa na baba wa kwenye simu.

Jioni nimempigia. Ndege! Chini ya saa moja! Unatoka kazini Ijumaa, unakula nyumbani!

Akasema, haya, ni jambo jema. Kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mkutano umeahirishwa.

Labda alikuwa amechoka.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano. Nilizitoa hesabu kama zilivyo. Mpakani kwanza, saruji pili.

Mhasibu akaangua kicheko.

"Dada, tangazo umelisoma kwa jicho gani? Serikali inalipia kiti kitupu. Mpakani tutajaza ndege, ruzuku tutaisikia redioni. Saruji tutabeba hewa! Kiti kitupu hakiombi chai, hakipotezi begi, hakigombani na mtu kaunta."

"Na miaka miwili ikiisha?" Kapteni akauliza.

"Tunawaaga kwa heshima."

Wakacheka wote. Kapteni akapiga meza: saruji! Mhasibu akanikonyeza, "Shemeji atafurahi."

Nilipaswa kusema. Mji mzima utaizoea ndege, watoto watajifunza saa yake, kisha tutaiondoa kama mtu anayekunja mkeka wageni wakiwa bado wamekaa. Nayajua hayo. Nimesomea. Nikanyamaza, kwa sababu miaka miwili ni Ijumaa nyingi.

Sijalala vizuri. Furaha nayo inachosha.

Jumanne, 18 Machi

Jumamosi ni safari ya majaribio. Ndege inakwenda kule tupu, inarudi na wageni waalikwa, wanalala hapa, Jumapili inawarudisha. Kiwanda kimepewa viti. Bwana Saruji kapata kimoja! Kasema atakuja.

Nimenunua pazia. Nimebadilisha shuka. Nimezibadilisha tena, zile za kwanza zina maua mengi, atasema amelala bustanini. Nimesuka nywele. Mimi na umri wangu huu, napita mbele ya kioo kama msichana wa kidato cha pili. Aibu! Ila hapa hakuna anayeniona.

Jumamosi, 22 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.

Ndege ilitua salama. Tulijipanga chini ya ngazi: Kapteni, Mhasibu, mimi, na yule afisa wa wizara tunayemwita Miwani, ambaye ndiye anayetia saini ruzuku. Mlango ukafunguka. Wakaanza kushuka. Wakashuka. Wakashuka! Timu ya mpira na jezi zake. Kwaya ya chuo. Meneja wa benki na mkewe. Mafundi wa kiwanda wamevaa suti. Hakuna kiti kilichobaki. Kwaya ikaanza kuimba palepale penye lami, mtu kabeba bango la kuishukuru serikali.

Kumbe meya wao kawaambia watu: ndege isipojaa, serikali itatunyang'anya. Wameijaza kwa mapenzi! Wamefanya hisani, wametumaliza.

Miwani alikuwa anahesabu kwa kidole. Alipofika mwisho akamgeukia Kapteni, taratibu kabisa: mji huu unajaza ndege siku ya kwanza, sasa ruzuku ya nini? Tabasamu la Kapteni likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni. Wa mwisho kushuka alikuwa mama mkwe. Mama mkwe! Ambaye hata ngazi ya dari hapandi. Amemng'ang'ania mhudumu mkono, macho kafumba.

"Shikamoo mama. Mwanao yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Amesema viti ni vichache. Wazee kwanza."

Nani atamlaumu mtu aliyempisha mama yake? Hakuna. Nimebaki mimi peke yangu na hasira yangu.

Jumapili, 23 Machi

Wageni wamerudi kwao, wakiimba. Mama mkwe hakurudi. Magoti, anasema. Mwinuko wa ndege umemshtua magoti.

Begi lake nimelibeba mimi jana. Lilikuwa zito. Begi gani lile kwa safari ya kulala siku moja?

Jumatano, 26 Machi

Wizara imesimamisha ombi letu mpaka tujieleze. Kapteni kanikabidhi mimi: thibitisha kwamba wale hawakuwa abiria. Thibitisha kwamba watu wa kule hawatasafiri.

Basi nimeshinda kwenye simu. Mwalimu wa kwaya: "Tutapanda kila wiki, dada!" Kwa nauli yenu wenyewe? Kicheko kirefu. Meneja wa benki: mara mbili kwa mwaka, akiitwa makao makuu. Nahodha wa timu anataka kujua kama wanaoshinda ugenini wanarudishwa bure. Wote wanaipenda ndege. Wote wanataka iwepo. Kuja, hakuna anayekuja.

Mwisho nikampigia na yeye. Nikajifanya ni ya kiofisi. Mume wa mfanyakazi analipa nauli kidogo mno, nikamkumbusha, karibu na bure. Je, kwa mwezi niandike mara ngapi?

"Andika unavyoona."

"Sioni. Ndiyo maana nauliza."

"Tanuri halina ratiba, mama. Unalijua."

Zamani alikuwa akiniita kwa jina langu la utani, lile la chuoni. Sasa naitwa mama, kama muuza duka anavyomwita mteja.

Nimeandika mara mbili kwa mwezi. Nimefuta. Nimeandika sifuri. Nimefuta. Nimeondoka ofisini nimeacha kompyuta inawaka.

Ijumaa, 4 Aprili

Miwani amekuja mwenyewe. Kakaa mbele ya meza yangu, Kapteni na Mhasibu wamesimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa. Akaifunua ripoti. Akasema takwimu ni nzuri ila karatasi huvumilia chochote. Kisha:

"Wewe mwenyewe, una mtu kule?"

"Mume wangu."

"Ndege ikiwepo, atakuja mara ngapi?"

Feni ilikuwa inazunguka. Nilimwona Mhasibu akiangalia viatu vyake.

"Haji," nikasema.

Miwani akaivua miwani. Akasema, samahani dada. Akaivaa tena, akatia saini.

Kapteni kanishika bega. Mhasibu, yule mwenye mdomo, kaniletea soda na kuondoka bila mzaha hata mmoja. Hicho ndicho kilichoniliza. Soda.

Njia nimeipata. Nimeipata kwa kusema mume wangu haji. Na nilipolisema sikuwa nadanganya kwa ajili ya kampuni. Lilitoka lenyewe, likiwa limeiva.

Jumanne, 15 Aprili

Ruzuku imethibitishwa. Kila Jumatatu na Ijumaa, kuanzia mwezi ujao.

Nyumbani sina raha. Mama mkwe bado yupo na sasa nimemzoea, ila wema wake unanitisha. Anaamka kabla yangu. Kanifulia, kanipigia pasi, kaniwekea maji ya kuoga. Anayepaswa kuhudumiwa ni yeye! Ananiangalia nikila. Zamani alikuwa mkwe wa kawaida, chumvi imezidi, pazia limepinda. Sasa kila kitu changu kizuri. Kuna nini?

Mwanawe akipiga, anatoka nje na simu. Leo amerudi macho mekundu.

"Mama, kule kuna nini?"

"Kuna vumbi, mwanangu."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikasema kwa sauti nikiwa nasugua sufuria. Akajifanya hakusikia, na masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Jumatatu, 5 Mei

Safari ya kwanza ya kweli. Wamekwenda wachache, wamekuja wachache zaidi. Mhasibu anatembea kwa madaha, hewa inalipa!

Nilijipa kazi ya bure karibu na dirisha la wanaofika. Meneja wa benki na mkewe. Mwanamke mwenye boksi la vifaranga, sijui kaunta walimpitishaje. Watu wengine wawili watatu. Basi.

Nikapiga. Wiki hii tanuri linazimwa kwa matengenezo. Wiki ijayo? Wiki ijayo linawashwa.

Nikamwambia, barabara sasa huna tena. Nilisema kwa utani. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Najua." Akalirudia. "Najua."

Nimepiga deki nyumba nzima, na ilikuwa safi.

Ijumaa, 9 Mei

Naandikia ndani ya ndege. Mwandiko usamehewe.

Mfanyakazi anaruhusiwa kukalia kiti kitupu. Ni vingi, chagua! Asubuhi nilivaa nguo za kazi, nikaweka za kubadilisha kwenye mkoba. Mama mkwe akaziona. Nikamwambia, twende wote basi, nikusindikize kwako. Akasimama mlangoni. Akanishika mkono, mkono wake baridi.

"Usiende leo. Mpigie kwanza."

"Mama, tangu lini mke akapiga hodi kwake?"

"Mpigie, mwanangu. Nakuomba. Mimi nimeshindwa."

Umeshindwa nini, mama? Alikuwa analia bila sauti na dereva wa ofisi anapiga honi nje. Nikaenda.

Nilipiga nikiwa nimeshakaa, mlango bado wazi. Nikasema niko ndani ya ndege, mchana nitakuwa kwako. Nikadhani mtandao umekatika.

"Ungeniambia," akasema.

"Si nakuambia?"

"Usije leo. Nyumba haina nafasi."

"Nyumba ile? Ya vyumba vitatu?"

Akaanza kusema kitu, kwa haraka, akaita jina langu lile la utani. Baada ya miaka yote hii, leo ndiyo analiita! Mhudumu akaniinamia: dada, zima simu, tunaondoka. Nikaizima. Mimi mwenyewe nimewafundisha kutokuwa na huruma kwenye hilo.

Tuko saba. Viti vilivyobaki vinatetemeka vitupu, mikanda imefungwa juu ya hewa. Vyote vimelipiwa. Mimi ndiye niliyeshawishi nchi nzima ivilipie, ili mtu mmoja akae, na mtu huyo ana nyumba isiyo na nafasi.

Najua. Sasa najua. Begi lile zito, wema ule wote. Alikuja kunikimbilia mimi, maskini, akakosa mdomo wa kuniambia kuna mwanamke ndani. Nashindwa hata kumkasirikia.

Naona bomba la kiwanda. Halitoi moshi. Kumbe kweli tanuri limezimwa, angalau hilo hakudanganya.

Tumetua. Kuna watu kwenye uzio, wanapunga mikono, hawampokei mtu, wanaipokea ndege. Wengine wanashuka. Ndege itageuza baada ya nusu saa. Naweza kushuka, nipande pikipiki, nibishe hodi kwangu. Naweza kubaki hapahapa, nirudi kwa mama mkwe, tunywe chai, asinieleze kitu na mimi nisiulize.

Mkewe meneja wa benki kanipita, kaniaga kwa jina la mume wangu. Hakuniangalia usoni. Mji mzima unajua!

Mhudumu kaja tena na kalamu. Anataka kujua kama nashuka, maana lazima aandike viti vitupu vya kurudi, wizara wanavitaka. Nimemwambia asubiri. Anasubiri. Mlango uko wazi na vumbi limeanza kuingia, na mguu wangu mmoja umeshatoka nje, uko kwenye ngazi.