Nimeropoka kuhusu wimbo wa nne

Nestory, nimeropoka. Redioni. Laivu!

Tulikuwa tunabishana kama albamu ya kwanza ya Adinani ni klasiki. Nikasema wapi, nyimbo za kujazia tu.

Mtangazaji akanibana: "Na wimbo wa nne, wa kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku? Nani mwingine angeandika vile?"

Aisee, huu ulimi! Nikamjibu, "Adinani mtoto wa mjini, hajawahi kukausha hata jani moja. Kaandika Nestory wa Kwihara."

Siri ya miaka kumi. Nimekutaja jina kabisa!

Papo hapo Adinani akapiga simu studio. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Ni kweli. Na klasiki humo ni huo tu."

Akaniuliza kama bado unaandika.

Nimemwambia nitakuuliza. Bado unaandika?