Betri ya Gari Lako

Mume wangu,

Sisi wazima, ila betri ya gari lako imekufa. Tangu uondoke, kila asubuhi nilikuwa naliwasha nikiwa kwenye kiti changu cha pembeni, nanyoosha mkono hadi kwenye ufunguo. Mama yako akisikia mlio anajikongoja hadi mlangoni: "Amefika?"

Dukani nilikuta betri za kampuni mbili. Ya bei rahisi ina waranti ya miezi sita, ila fundi wetu anasema imeshamwaibisha kwa wateja. Nikachukua ya waranti ya miaka miwili.

"Gari likisimama tu, waranti haipo," muuzaji akanionya. "Linatembea?"

Nikamjibu, "Mume wangu analiendesha kila siku."

Usinifanye mwongo, baba watoto.

Wako wa kiti cha pembeni.