Mwanasesere wa Sponji

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumai shemeji na watoto ni wazima, na mgongo wako umeacha visa. Sisi tunapumua tu. Nikisema hatujambo nitakudanganya, na wewe hukunilea hivyo.

Unakumbuka nilivyoringia masofa yetu ya mitumba. Tunayachana, tunatoa sponji kuukuu na kuikatakata, kisha tunajazia masofa mapya. Mteja akisitasita, nawasha kiberiti na kukisogeza kwenye kipande cha sponji. Hakishiki moto! Namwambia hii ni mali ya nje, nyumba itaungua sofa libaki. Anacheka, ananunua.

Binti yetu tulimlea humo humo karakanani. Tuliogopa mkasi na misumari, basi tukamweka kwenye lundo la sponji, tukajiona wajanja. Alitambaa humo, akala humo, vumbi la manjano limemjaa mpaka kwenye kope. Sasa ana miaka minne na hajaweza kuunga maneno mawili.

Juzi tulimpeleka hospitali. Daktari alisema tezi yake ya shingoni haifanyi kazi inavyotakiwa. Akauliza kazi yetu, nami nikamweleza kwa madaha, pamoja na mchezo wa kiberiti. Kisha akasema sponji ile imetiwa dawa ya kuzuia moto, na dawa hiyo hutoka na vumbi, humwingia mtoto mdomoni, na inaweza kuvuruga tezi na ubongo unaokua. Hakuapa kwamba ndiyo iliyomponza binti yetu. Alisema tu tumtoe humo haraka. Wifi yako alilia njia nzima.

Dada, tunalala karakanani, na kazi nyingine siijui. Nakuomba umpokee. Mama yake atamleta Jumamosi.

Kuna jambo limenishinda. Atakuja amemkumbatia mwanasesere niliyemshonea mwenyewe, na ndani nilimjaza sponji ile ile. Anamwita Toto, na hilo ndilo neno lake pekee linaloeleweka. Kila nikijaribu kumchukua, mtoto ananitazama, anasema Toto, nami namwachia. Mnyang'anye wewe. Usimchome, moshi wake ni mbaya zaidi. Na binti yangu akilia vipi, usimrudishie.

Wifi yako anakusalimu sana. Ukijibu, usinifiche: niambie kama amebaki na neno lolote.

Mdogo wako,
Kijiti