Bei ya Stima ya Holi Letu

Baba Rebeka,

Hatukuwahi kuandikiana barua, wewe na mimi. Tangu uliponitoa Bunyore tukaja kukaa hapa mjini Sisibo tulilala chini ya paa moja, na mtu hamwandikii barua yule anayemsikia akikohoa. Sasa uko mahali ambapo sauti yangu haifiki, ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu. Ukiona herufi zimelala upande mmoja, ujue ni haraka ya moyo. Kuandika sijasahau.

Kwanza habari za nyumbani. Rebeka amejifungua mtoto wa kiume na wamempa jina lako. Analia kwa sauti nzito kama mzee aliyedhulumiwa kwenye baraza. Mahindi ya kule kwetu ndugu yako ameyavuna vizuri. Viatu vyako vya mvua nilimpa Nashoni mpishi, kwa sababu miguu yenu ililingana. Akipita dirishani navyo bado nageuka kutazama, halafu nakumbuka.

Lakini habari iliyonifanya nishike kalamu ni hii: bei ya stima ya mwaka imepangwa, na mara hii hukuwako.

Najua ungeniuliza, "Na holi je?" Ngoja, nitafika huko. Wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa kuanza habari mbali, na mimi nimekaa nawe muda mrefu nikaambukizwa.

Nakukumbuka ukiwa nyapara wa wale waliochimba mfereji wa bwawa pale mto Sosiani. Ulirudi jioni umejaa tope mpaka mapajani, na kabla ya kuvua chochote unaniambia, "Huu mto tunaovuka kila siku kwenda sokoni, Mama Rebeka, tunaufundisha kazi." Ulipenda ile kazi. Ulipenda hata mawe yake. Halafu ikanyesha ile mvua ya siku nyingi, ukingo ukaporomoka, na Odera, mmoja wa vijana wako, akabaki chini ya udongo. Walisema ulichimba kwa mikono mpaka wenzako wakakushika na kukuondoa. Wewe hukunisimulia. Ulikuja nyumbani ukaomba maji ya kunawa, kesho yake ukapanda gari la moshi kumpelekea mama yake nguo zake. Ungeweza kumtuma mtu. Ulikwenda mwenyewe.

Bwawa lilipokamilika, mji mzima ulizungumza jambo moja: bei itashuka. Zamani stima ilitoka kwa injini, na injini hunywa mafuta, na mafuta hupandishwa kutoka Mombasa. Maji yanakuja yenyewe kutoka milimani, hayamdai mtu. Hata mimi nilifikiri hivyo. Kumbe meneja wa kampuni alikuwa na jibu lake. Kila mwaka kabla ya Krismasi alikuja mbele ya kamati ya mji kusoma bei za mwaka unaofuata: nyumba za kuishi bei yake, viwanda bei yake, maduka na karakana bei ya juu, makanisa na shule bei ya chini kuliko zote. Mwaka ule alisema, "Maji ni ya bure, lakini ukuta wa bwawa tumejenga kwa mkopo." Bei ikashuka kidogo tu, watu wakanung'unika, wakanyamaza.

Wewe ulikuwa ndani, kwenye kiti cha karibu na mlango, kwa niaba yetu watu wa lokesheni, mtaa wetu Waafrika. Uliruhusiwa kusema. Kupiga kura hukuruhusiwa. Elam, yule mwalimu kijana, alikaa kando yako kutafsiri Kiingereza chao, na ni yeye aliyenieleza mambo mengi ambayo wewe hukuona haja ya kuyaeleza.

Basi meneja alifika mwisho wa orodha yake akasoma: holi la lokesheni, bei ya biashara.

Holi letu, Baba Rebeka. Jengo la pekee lokesheni lote lililokuwa na taa. Ndimo Elam alimofundisha watu wazima kusoma kila jioni, wapishi na wafagiaji na wapasua mbao na wake zao, na mimi nikiwa mmoja wao. Na kosa lilikuwa chai yangu. Kwa sababu niliuza chai na mandazi pale mlangoni, kampuni ilisema holi ni duka. Kwa bei ya duka, mchango wetu wa kulipia taa usingefika Pasaka. Taa zingekatwa, na darasa lingekufa.

Nilikuambia nitaacha kuuza. Ulikuwa unavua koti. Ukasema, "Usiache. Mtu ametoka jikoni kwa mzungu amechoka, ni chai inamfanya apite holini kabla ya kwenda kulala. Akishakaa, herufi zitamshika." Hukupandisha sauti. Mimi nilidhani utasema afadhali tuache chai, maana ndilo jambo rahisi. Hukupenda jambo rahisi kama lilimnyima mwingine riziki.

Halafu akaja yule karani wa kampuni hapa nyumbani. Alikunywa chai yetu, akasifu mandazi, kisha akasema kampuni iko tayari kuleta waya mpaka chumba chetu na kutuwekea taa, bila sisi kulipa, kama heshima kwa mzee wa lokesheni. Sharti lake, wewe ukubali tu ile bei ya holi bila maneno. Ulimwambia, "Nashukuru. Macho yangu yamezoea koroboi." Ukamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zako zote.

Mimi nilikasirika, wajua. Nilikuwa nimechoka na moshi wa koroboi, nimechoka kupangusa masizi ukutani. Niliitamani ile taa kama mtoto anavyotamani sukari. Sikukusemesha Jumapili nzima. Jioni ndipo uliponiambia, "Mama Rebeka, taa ikiwaka kwetu peke yetu, kila atakayepita hapo nje ataona bei niliyonunuliwa." Hasira haikuisha palepale, nisikudanganye. Lakini nilikuwekea chakula.

Ulirudi kwenye kamati. Mwenyekiti alikuwa yule mkulima wa ngano mwenye sharubu nyeupe, anayesema Kiswahili cha shambani. Ulisimama ukamwambia, "Bwana, hata kanisani kwenu, baada ya ibada watu hunywa chai, na kanisa hubaki kanisa." Elam anasema mwenyekiti alicheka, na meneja hakucheka. Mwenyekiti akasema shule ina madawati, na yeye hajasikia kama holi lina dawati hata moja. Atakuja aone kwa macho yake.

Siku ile nilikuuliza swali lililonikaa kooni. Kwa nini hukumtaja Odera? Kwa nini hukuwaambia kwamba ule mfereji unaoleta stima yao umemla mtu wetu? Ulikuwa unakata kucha, na uliendelea kukata. Ukasema, "Odera hakufa ili mimi nipunguziwe bei. Nikimtoa leo kwa ajili ya taa, kesho nitamtoa kwa ajili ya nini?" Nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu uondoke. Wapo watu wangemtaja. Labda hata mimi.

Kina mama wa kanisa walitaka kuazima mabenchi wayapange holini kabla ya mwenyekiti kufika. Ulikataa. "Waone tunavyokaa," ulisema. Tukalalamika kwamba umeharibu, kwamba unataka tuaibike. Ukashikilia hapo hapo.

Walikuja jua likishuka, mwenyekiti na meneja na mwingine mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi, naandika neno "mfereji" ambalo Elam alikuwa ametutajia. Mlango ulipofunguka nilitaka kukimbia kwenye birika langu. Nilikutazama. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ukutani, na uso wako haukunipa ishara yoyote, si ya kukaa wala ya kuondoka. Ukaniachia mwenyewe. Nikageukia ubao nikamaliza neno. Watu walikuwa wameketi chini, mbao za kuandikia magotini, hakuna aliyeinuka. Mwenyekiti akamwona Nashoni, mpishi wake mwenyewe, katikati ya watu.

"Nashoni, unafanya nini hapa?"

"Nasoma, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua iliyopita, bwana. Chai ya saa kumi nilikuwa naiacha tayari."

Mwenyekiti alisimama kidogo akisoma ubao. Akauliza ni nani anayeuza chai, nikasema ni mimi. Akauliza ni nani aliyeandika lile neno, nikasema pia ni mimi. Aliomba kikombe, akanywa, akalipa kama watu wengine.

Holi likaandikwa pamoja na shule. "Kwa mwaka mmoja," meneja akasema. "Mwaka ujao tutaangalia tena."

Na kweli waliangalia tena kila mwaka, na kila mwaka ulikwenda. Nilikupigia pasi lile koti la kahawia mpaka viwiko vikang'aa. Ule mwaka wa ukame, mto uliposhuka hata mawe yetu ya kufulia yakakauka, injini ikawashwa tena na bei ikapanda kwa kila mtu. Watu walitaka uwake kwa hasira. Ulisema mwaka wa njaa mtu haombi kibaba cha nyongeza, ukaomba tu holi lisitolewe mahali pake. Kila mwaka pia uliomba stima ifike vyumbani kwetu, na kila mwaka walikataa, nawe ukarudi ukiniambia "bado" kama mtu aliyekwenda kuangalia kama ndizi zimeiva.

Halafu mvua za Julai, na kifua chako. Siwezi kuandika hapo. Wewe ulikuwapo, unajua.

Mwaka huu tulipokutana kuchagua atakayekaa kwenye kiti chako, watu walikuwa wakitazama sakafu. Nashoni ndiye aliyesema, "Mama Rebeka aende." Mzee mmoja akauliza mwanamke ataongea nini mbele ya wazungu. Nashoni akamjibu kwamba hilo atalijua akishasikia. Nikakubali kabla woga haujafika.

Kuna meneja mpya, kijana. Elam alisikia mapema kwamba anataka kuifuta kabisa bei ya makanisa na shule, ili hesabu zake ziwe nyepesi, na holi lirudishwe kwenye biashara. Nilikesha nawaza, nikakumbuka kwamba wewe ulikwenda peke yako miaka yote kwa sababu shida ilikuwa yetu peke yetu. Hii haikuwa hivyo. Nikaanza kupiga hodi. Nilikwenda kwa kasisi wa kanisa la wazungu, nikasimama kwenye veranda mpaka akatoka. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya Wahindi, ambaye alinipa kiti na akanisikiliza mpaka mwisho. Wote wawili hawakuwa na habari.

Siku ya mkutano, viti vya karibu na mlango vilijaa. Meneja aliposoma, kasisi akasimama, kisha yule mwalimu. Halafu mimi. Nilisema, "Kama bei ni lazima ipande, ipande kwa sisi sote sawasawa. Lakini msitutoe kwenye kundi la shule. Tukitolewa leo, darasa litakufa kabla ya mvua." Elam akatafsiri. Sijui Kiingereza chake kilisemaje, lakini kilikuwa kirefu kuliko Kiswahili changu.

Wakapiga kura. Bei ya makanisa na shule imebaki, imepanda kidogo. Na holi limo ndani yake, Baba Rebeka, bila ile "mwaka mmoja". Halitajadiliwa tena peke yake. Stima ya vyumbani wamekataa. Bado.

Nilipotoka nje mwenyekiti alinifuata, sharubu zimekuwa chache sasa. Akasema, "Mume wako alikuwa mtu mgumu."

Nikamwambia, "Ndiyo, bwana. Mimi niliishi naye."

Akacheka, akanipa mkono. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na furaha kama bibi harusi. Nikafungua mlango nikasema kwa sauti, "Wamekubali." Halafu nikakaa kitandani na koti langu, nikakaa hivyo muda mrefu.

Watu wananisifu. Nawaambia mimi nilikaa kwenye kiti kilichokwisha kupashwa joto. Ulikwenda mara zote ukiwa huna kura, ukiwa huna mwenzako, na ukarudi bila kumchukia mtu. Mimi nimekwenda mara moja na nimechoka. Sijui ulifanyaje. Ningependa ungeniambia.

Jambo la mwisho. Ndugu yako alipoweka msalaba kaburini hakukuwa na mtu wa kuuandika, na ukabaki mbao tupu. Nimeshanunua rangi nyeupe. Krismasi nitakuja Bunyore na Rebeka na huyu mjukuu wako mwenye makelele. Mtu yeyote asikuandike kabla sijafika. Nitapiga magoti pale na brashi, na jina lako nitaliandika mimi, kwa mkono wangu, herufi moja moja, bila haraka.

Pumzika, mume wangu.

Ni mimi,
Trufosa